Bolti ya Juu Kushoto

Nambis, 6 Machi 2004

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja wangu wa cherehani: kifua, kiuno, urefu wa gauni. Wateja hawaji tena, na karatasi safi siwezi kuziacha zioze bure.

Nitalisema kwa kifupi ili nilimalize. Mwezi uliopita nilijifungua mtoto wa kike, wa mimba ya miezi saba, na hakulia. Mama mkwe na bibi mmoja wa jirani walimchukua, wakaenda kumzika, wakarudi, wakanawa. Sikuambiwa ni wapi. Tangu siku hiyo nyumba yetu imetengwa. Sisi Wairaqw jambo hili tunaliita metimani. Kwetu Katesh nililisikia kwa bibi yangu tu, tena kama habari za kale. Hapa Nambis si za kale hata kidogo. Hatupiti kwenye mashamba ya watu, hatuchoti maji wanapochota wote, na hatupokezani kitu mkono kwa mkono na mtu wa nje. Jirani yetu Doris akiniletea chumvi anaiweka juu ya jiwe, anarudi nyuma, ndipo naichukua. Ananisalimia vizuri sana, lakini kwa mbali, tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Padre anatuambia tuje kanisani bila wasiwasi. Tunakwenda. Tunakaa benchi la nyuma, na benchi lililo mbele yetu linabaki tupu.

Mume wangu Nikolausi ni fundi makanika. Alikuwa akifanya kazi gereji moja Mbulu mjini, na wenzake pale ni watoto wa huku huku. Hakuna aliyemfukuza. Ila spana aliyoishika yeye hakuna aliyeigusa, akaona bora abebe sanduku lake arudi nyumbani kwa mama yake, yaani hapa.

Tangu mtoto azikwe, Nikolausi hajamtaja hata mara moja. Nilianza daftari hili ili niandike sentensi hiyo. Mengine yote nayavumilia.

7 Machi

Mvua.

9 Machi

Leo nimekosa adabu, na wala sijutii. Tulikuwa tunakula maboga, nikamuuliza Mama mkwe, "Mama, mtoto wangu mlimweka wapi?"

Akatua bakuli. "Fabiola, mwanangu, mtoto ambaye hakulia haitwi jina wala haendewi. Ukimtajataja, huzuni inakaa humu ndani, haitoki. Acha mvua hizi zipite."

Nikamtazama Nikolausi. Nikolausi akatazama buti zake. Alizitazama kwa makini sana, ungedhani ni mara ya kwanza kuziona.

"Basi mimi narudi kwetu," nikasema.

"Kutembea?" Mama mkwe akauliza.

"Kurudi."

Nikolausi alitoka akaenda kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

10 Machi

Kusema narudi ni rahisi, njia sasa. Barabara ya Dongobesh imeshakuwa uji na mabasi yanabahatisha. Hata kufika stendi ni lazima nipite shamba la fulani na shamba la fulani, na nikipita, lawama zote zitamwangukia mama mkwe. Simpendi kwa sasa, lakini sitaki asutwe kijiji kizima kwa ajili yangu. Tena siendi popote bila cherehani langu.

13 Machi

Jana ilitokea sinema. Ng'ombe wanne walipanda kilima wakivuta pikapu ya Toyota, na ndani ya pikapu ameketi mzee mmoja mrefu, Mbarbaig, amejifunga shuka, kashika usukani kwa mikono miwili. Anaitwa Gidamis, anakaa nje kidogo ya Katesh. Gari kalinunua mtumba. Alikuwa akitoka mnadani na klachi ikaungua kwenye mlima wetu huu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Nimeambiwa hapa kuna fundi."

Nikolausi akamwambia ukweli wote, kwamba nyumba hii imetengwa, na kwamba akitaka fundi mwingine hatalaumiwa. Mzee Gidamis akacheka. "Hiyo ni ya kwenu. Sisi tuna zetu, tena ngumu kuliko hiyo. Gari langu halina kabila. Litengeneze."

Hapo nikaona njia yangu. Nikamuuliza gari likipona anaelekea wapi. Katesh. Nikamuuliza kama nyuma pana nafasi ya cherehani na mke mmoja wa fundi. Akamtazama kwanza Nikolausi, kama inavyotakiwa. Nikolausi alikuwa amechuchumaa karibu na tairi, anaangalia chini.

"Nafasi ipo?" mzee akamuuliza.

"Ipo," akasema.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyoniruhusu kuondoka. Kwa neno moja, tena alilielekeza kwenye tairi.

15 Machi

Gari liko kwenye banda tunakohifadhi mahindi, limepandishwa juu ya magogo. Kubadilisha klachi ni lazima giaboksi ishuke, na ili ishuke zifunguliwe bolti zinazoishika kwenye injini. Nimezihesabu kwa macho, za chini na za pembeni zimefunguka leo leo. Zimebaki mbili za juu kabisa, huko ambako giaboksi imejichimbia chini ya sakafu ya gari na hata panya angepita kwa kujibana. Ya kulia, anasema, haina shida sana. Ya kushoto ndiyo yenye maneno.

Nilikuwa nimeketi kwenye gunia nikimtazama, kwa sababu sina kwingine pa kutazama. Nikamuuliza tofauti ya hizi spana zote. Alifurahi kuulizwa, nilimwona. Spana ya mdomo, akasema, inashika bolti pande mbili tu. Ni ya haraka, lakini kwenye bolti iliyokaza inateleza na kula kona, na kona zikishalika utalia. Ya ringi inazunguka kichwa chote, inashika vizuri, ila inataka nafasi ya kuizungusha. Boksi ni kile kikombe cha chuma kinachomeza kichwa cha bolti, unakipachika kwenye racheti, au kwenye fimbo ya kurefushia kama bolti iko mbali.

"Na hii ya juu kushoto unaanza na ipi?"

"Ringi," akasema.

Akaingia chini na ringi. Ikazunguka nusu ya nusu, ikagonga bati. Akaitoa, akaigeuza, akaingia tena. Hivyo mpaka chakula cha mchana.

Mambo ya bolti ameniambia kwa mapana. Sikujua kama ana maneno mengi hivyo.

16 Machi

Ringi tena. Mvua tena.

18 Machi

Leo spana ya mdomo. Mimi mwenyewe, mshona magauni, nimeshajua kwamba hiyo siyo. Nikamwambia, "Si ulisema itakula kona?"

"Nitaisikiliza," akajibu.

Na kweli anaisikiliza. Anavuta kidogo, na kabla haijateleza anaacha. Kila mara anaacha kabla.

22 Machi

Nimeleta kioo changu kidogo cha mkononi na tochi. Nikakishika kwa juu, upande wa injini, nikakiinamisha, na kwa mara ya kwanza nikaiona hiyo bolti, imekaa gizani na kofia yake ya kutu. Nikamwelekeza: kulia, kulia kidogo, umeshaipita. Nikolausi akasema kutoka chini, "Una jicho." Sauti yake ilikuwa na furaha, nami nikafurahi kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika.

Boksi na fimbo fupi: mkono wake haupiti. Boksi na fimbo ndefu kwa nyuma: inafika, lakini inafika kwa upande, haikai. "Hapa inatakiwa jointi," akaniambia. Ni kipande kifupi kinachopinda katikati, kama kiwiko. Unakiweka kati ya fimbo na boksi, na boksi inakaa sawa hata kama fimbo imekuja kwa upande.

"Iko wapi?"

"Nilimwazima Hermani pale gereji."

Na Hermani hawezi kuileta huku. Chombo kilichotoka kabla ya msiba hakirudi kwenye nyumba iliyotengwa mpaka itakaposafishwa. Nikauliza hilo nalo limeandikwa wapi. Nikolausi akafuta mikono kwa kitambaa, akasema tutajaribu njia nyingine.

23 Machi

Njia nyingine ni ringi.

25 Machi

Mvua ya mawe. Maharage ya Mama mkwe yamelala chini yote. Alikwenda kuyainua moja moja, mgongo ukiwa umelowa. Nilikwenda kumsaidia, sikumsemesha.

29 Machi

Mzee Gidamis amekuja kwa miguu kutoka stendi na klachi mpya aliyoagiza Babati. Siku hizi, anasema, kila kitu ni Babati, ndiyo makao ya mkoa wetu mpya, na hata spea zimejua. Akalizunguka gari lake. Giaboksi bado iko juu.

"Fundi, gari nililiacha hapa na mvua. Nalikuta hapa hapa, na mvua ile ile."

"Kuna bolti moja, mzee."

"Moja?"

"Ya juu kushoto."

Mzee akainama, akachungulia, akainuka. "Mimi nina ng'ombe dume mmoja wa namna hiyo," akasema. Akanywa uji wa Mama mkwe, akaupokea mkono kwa mkono, akaondoka.

2 Aprili

Leo mkono wangu umeingia.

Ilikuwa rai yangu. Nilimwambia mikono yake ni minene, yangu imezoea kupita chini ya mguu wa cherehani, tujaribu. Akasita. Akaniambia kuna kingo za bati. Nikaingiza hivyo hivyo, kutoka upande wa injini, mpaka juu ya kiwiko, na vidole vikaigusa. Baridi, ina grisi ya zamani iliyokauka. Yeye yuko chini anasukuma fimbo, mimi juu napapasa nikutane na boksi niielekeze kwenye kichwa cha bolti. Tulikutana. Vidole vyangu viliishika boksi, na nilihisi mkono wake upande wa pili ukisukuma.

Haikukaa. Inateleza kwa sababu ya ule upande. Nilipoutoa mkono ulikuwa umepigwa ganzi, akautia kati ya viganja vyake na kuusugua, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilitaka sana aseme neno. Nilimtazama mdomo wake kabisa, nikasubiri, na nilichosikia ni, "Kesho tutajaribu kutoka chini."

Nampenda huyu mtu, na nitamwacha. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

5 Aprili

Shemeji yangu Tito amekuja kutoka Bashay, akasimama kule kwenye miti, akamwita mama yake kwa sauti. Nilisikia yote, kwani mtu aliyesimama mbali hivyo hawezi kunong'ona. Anamwambia aende kwake Bashay akae mpaka mambo yaishe. Wewe si lazima, Mama, unajitenga bure na watu wako, kikundi chako cha kusuka mikeka kinakuulizia, wao waache wawili wamalize yao.

Mama mkwe akasikiliza akiwa ameshika kiuno. "Na huyu binti atakula nini?" akauliza.

"Ana mume."

"Mume wake anajua kupika?"

Tito akacheka, akasema hajui.

"Basi nenda salama, mwanangu. Wasalimie watoto."

Mimi nilidhani hana pa kwenda. Nilidhani ametengwa kwa sababu nyumba ni yake. Kumbe kila asubuhi anayonipikia uji anaamua upya. Jioni nilimwosha miguu, na yote ilikuwa imepasuka. Hakuniuliza kulikoni.

6 Aprili

Ringi, mdomo, ringi.

8 Aprili, Alhamisi Kuu

Sijui nianzie wapi, basi nianze na sanduku.

Nikolausi alikuwa amekwenda kuhamisha ng'ombe, nami nikasema nitafute mwenyewe fimbo nyingine ya kurefushia. Nilikuwa nimewaza kuunga mbili zipate urefu wa kutokea nyuma kabisa, labda ule upande utapungua. Sanduku la spana hakuna anayeligusa ila yeye. Juu ziko anazotumia. Chini yake nyundo, patasi, makopo ya nati. Chini kabisa kuna koti lake la zamani la karakana ya mashamba ya ngano, alikojifunzia kazi. Chini ya koti nikagusa kitu laini.

Ni nguo za mtoto. Zile nilizozishona mimi, magauni matatu madogo ya maua ya njano, na kofia niliyoifuma, na kanga iliyokatwa nepi. Nilizitafuta nyumba nzima baada ya msiba. Niliambiwa hazipo, nikajua zimechomwa kama mila inavyotaka, na kwa hilo nilikuwa nimemchukia Mama mkwe moyoni mwangu. Hazikuchomwa. Zimekunjwa vizuri, na aliyezikunja hajui kukunja, mikono imetokeza nje. Zina harufu ya grisi.

Na ndani ya kofia kuna kipande cha chuma kizito. Kinapinda katikati kama kiwiko.

Nikaketi chini kwenye matope.

Haikuazimwa. Hermani hana jointi ya mtu. Mwezi mzima fundi huyu anaingia chini ya gari na spana anazojua hazifai, anatoka, anaigeuza, anaingia tena, huku inayofaa ameifunika chini ya koti lake. Nikajiuliza mwanamume mzima anawezaje kufanya upuuzi wa namna hii, na kabla sijamaliza kujiuliza nilikuwa nalia, kwa sababu nilijua. Gari likipona mimi naondoka. Hakuwa na neno la kunizuia, akatumia bolti.

Nilirudisha kila kitu nilivyokikuta. Nilizikunja nguo upya, halafu nikazikunjua nikazikunja vibaya kama alivyozikunja yeye.

9 Aprili

Ijumaa Kuu. Hatukufanya kazi. Kanisani nilimtazama shingoni muda wote wa ibada.

10 Aprili

Alitoa ringi, nikamshikia tochi. "Leo huenda," akasema. "Huenda," nikasema. Nilikaribia kucheka, nikakohoa.

11 Aprili

Pasaka. Doris na mume wake wamekaa kwenye benchi lililo mbele yetu. Kwenye ukingo wake wa mbele kabisa, lakini wamekaa.

12 Aprili

Nimewaza kwamba mchezo huu usiende mbali. Ningeweza kunyamaza, tukazeeka hapa tunashika tochi. Lakini kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa. Sitaki kubakizwa na bolti. Anibakize mwenyewe au aniache niende.

13 Aprili

Asubuhi ya leo mvua ilikuwa nyepesi. Nikolausi aliingia chini ya gari, akalala chali juu ya gunia, akanyoosha mkono kama daktari. "Nipe ringi, namba kumi na saba."

Nilikwenda kwenye sanduku. Nilitoa fimbo ndefu, nikaipachika jointi, nikaipachika boksi ya kumi na saba, nikainama, nikaiweka kwenye kiganja chake.

Vidole vilifunga, vikajua, vikasimama. Miguu yake ndiyo niliyokuwa naiona, na miguu ilitulia kabisa.

"Fabiola," akasema kutoka chini.

"Nipo."

"Umeona na zile nyingine?"

"Nimeziona."

Mvua ikawa inapiga bati. Nikaingia na mimi chini, nikajilaza kando yake kwenye matope, nguo yangu nikaiacha ichafuke. Tukawa tunatazama juu, kwenye matumbo ya gari la mzee Gidamis. Kulikuwa na nafasi ya watu wawili tukibanana.

"Mama alitaka kuzichoma," akasema. "Nikamwambia nimeshazichoma mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wameniambia nisimtaje. Wamesema nikimtaja utaumia, hutapona, utachelewa kupata mwingine. Nikasema basi nitanyamaza, apone. Kila nikikutazama naona huponi, nanyamaza zaidi." Aliigeuza ile jointi kiganjani. "Halafu ukasema unarudi kwenu, na gari likaja siku zile zile. Nilikuwa nimeishika ile jointi mkononi. Nikaona nikiifunga tu, saa moja haiishi bolti iko chini. Nikaificha. Nilijua ni ujinga. Kila siku nilisema kesho nitaitoa."

"Uliniambia Hermani."

"Hermani anisamehe."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, na pua yangu ikachafuka na sikuwa na mkono safi wa kuifutia. Nikamwambia kwamba mimi sikuwa naumia kwa kutajwa. Nilikuwa naumia kwa kuwa peke yangu nimkumbuke. Nilidhani mtoto alikuwa wangu tu.

"Alikuwa na jina," Nikolausi akasema.

Nilimgeukia.

"Nililiweka tangu ulipoanza kuvimba miguu. Nilikuwa namwita nikiwa gereji, peke yangu, nikiwa chini ya magari." Akafungua mdomo alitaje. Nilimwona kabisa akijaribu, midomo ikakaa mahali pake na sauti haikuja. Alijaribu mara ya pili. Akageuza uso upande wa tairi, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikamshika kichwa chake chote, na grisi yake na matope yangu.

"Acha," nikamwambia. "Litatoka likiwa tayari."

Baadaye, tulipotulia, alilegeza kidogo jeki iliyoshikilia giaboksi. Mkia wa giaboksi ukashuka, injini ikainama nyuma, na kule juu pakafunguka nafasi ambayo mwezi mzima aliniapia kwamba haipo. Nikamtazama. Akasema, "Ndiyo, na hiyo pia." Nikaingiza mkono kwa juu, nikaielekeza boksi, ikakaa. Akavuta. Bolti ikalia mara moja, ikafunguka.

14 Aprili

Giaboksi imeshuka. Hakuna jirani wa kuja kusaidia kubeba, basi Mama mkwe alileta ngozi ya ng'ombe, tukaishushia hapo, na tukaivuta sisi watatu mpaka pakavu. Mama mkwe alivuta kuliko mimi.

17 Aprili

Anafanya kazi haraka na vizuri, hainuki hata kunywa uji. Klachi mpya imekaa. Siku ya kwanza nilidhani ni furaha ya kazi. Leo nimemwelewa. Hataki kunizuia kwa hila tena. Anataka gari liwe zima, mlango uwe wazi, niamue. Nimemheshimu kwa hilo, na nimemwonea huruma, na bado sijui nitafanya nini. Akili yangu inasema bado ni nyumba ile ile ambayo mtoto wangu hana jina wala mahali.

19 Aprili

Kurudisha bolti ya juu ni kazi zaidi ya kuitoa, kwani inadondoka kutoka kwenye boksi kabla haijafika. Nikaweka kipande kidogo cha kitambaa ndani ya boksi, ikabanwa, haikudondoka. Kitambaa kilikuwa cha maua ya njano, pindo lililobaki. Nikolausi alikitambua. Hatukusema kitu, lakini safari hii ukimya ulikuwa wa wawili.

22 Aprili

Gari limewaka. Limekwenda mbele na nyuma mbele ya banda. Kuku wote wamekimbia.

24 Aprili

Mzee Gidamis alifika saa nne. Tangu alfajiri Nikolausi alikuwa amelipakia cherehani langu mwenyewe, amelifunga kwa kamba kila upande, amelifunika kwa nailoni, na chini yake amelaza magunia lisigongwe. Hakuniuliza kama naenda. Mimi nami sikuwa nimesema kwamba siendi. Sanduku langu la nguo lilikuwa kando yake.

Mama mkwe alisimama mlangoni na mikono yake ndani ya shuka. Nilimshika miguu kumuaga, akaniinua, akaniambia niwasalimie wazazi.

Mzee Gidamis akalijaribu gari, akalipandisha na kulishusha, akazima, akashuka kwa madaha. Akamshukuru Nikolausi. Halafu akasema, "Na nimesikia mkono wa mke wako uliingia mahali wako ulishindwa. Kwetu sisi mwanamke akikufanyia jambo humwiti hivi hivi. Nimshukuru kama mama nani?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza kama watu wote wanavyouliza. Mimi nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Mama mkwe akatazama chini. Nilikuwa nafungua mdomo niseme, niite tu Fabiola, mzee, inatosha.

"Mama Evaline," Nikolausi akasema.

Alilisema kwa sauti, ile sauti ya gereji ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa lori. Hata Doris kule kwake aliinua kichwa.

Mama mkwe akauliza, "Nani?"

"Evaline, Mama. Mtoto wetu. Anaitwa Evaline." Na machozi yakawa yanamshuka waziwazi, mbele ya mgeni na mbele ya mama yake, na hakuyafuta.

"Ahsante, Mama Evaline," mzee Gidamis akaniambia, akainamisha kichwa. "Haya, panda. Wingu lile halitusubiri."

Niliushusha mguu wangu.

"Mzee," nikasema, "nisaidie kwanza kulishusha cherehani."

25 Aprili

Mama mkwe hakusema neno jana kutwa. Alipika, akala, akalala.

Asubuhi hii nilisikia mtu amesimama nje ya mlango wa chumba chetu. Nilidhani ameleta uji.

"Mama Evaline," akaita. "Mwamshe mwenzio, mvae. Nawapeleka alipo."

Tulikwenda watatu, yeye ametangulia, mvua inanyesha.